Rafadha na Mzigo Wake

Rafadha ni kiungo cha mwisho kati ya injini na maji. Nguvu inayozaliwa ndani ya silinda hushuka kwenye shafti, hupita kwenye gia, kisha huishia kwenye mapanga mawili, matatu au manne yanayozunguka chini ya tezi ya chombo. Mapanga hayo yakiwa ya kipimo kisichofaa, petroli huteketea bure na injini huchakaa kabla ya wakati wake, hata iwe mpya na ya bei kubwa kiasi gani. Yakiwa ya kipimo kinachofaa, injini ndogo huvusha mzigo unaoishinda injini kubwa iliyofungwa rafadha mbaya. Tangu karne ya 19 hadi boti za wavuvi wa leo, watu wamejifunza jambo hilo hatua kwa hatua, mara nyingi kwa kuvunja vyuma: mzigo ndio unaochagua rafadha.

Sehemu na vipimo

Vitabu huiita rafadha. Ufukweni na karakanani wengi husema propela, na wapo wanaoiita pangaboi, jina linalotumika pia kwa feni. Sehemu zake ni chache. Katikati kuna kitovu, yaani bomba nene linalovalishwa kwenye shafti. Ndani ya kitovu mna meno yanayoshikana na meno ya shafti, na kati ya meno hayo na ganda la nje mna mpira mgumu. Mapanga huanzia kwenye kitovu, yakiwa yamejipinda kama majani yaliyopigwa na upepo wa upande mmoja.

Mtu akiigeuza mkononi rafadha ya injini ya nguvu za farasi 15, aghalabu huona tarakimu zilizopigwa kwenye chuma, kwa mfano 9 1/4 × 12. Tarakimu ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Hapa ni kama sentimita 23.5. Ya pili huelezwa kwa mfano wa parafujo. Parafujo ikikazwa kwenye ubao huingia kwa kiasi kilekile kila inapozungushwa mara moja. Rafadha nayo ingesonga mbele kwa kiasi maalumu kila mzunguko, kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Umbali huo ndio hatua ya rafadha, na kwa mfano huu ni inchi 12, takribani sentimita 30.5.

Maji si ubao. Hukimbia yanaposukumwa, na chombo husonga pungufu ya hatua iliyoandikwa. Upungufu huo ni mtelezo. Kwenye boti nyepesi inayopaa juu ya maji, mtelezo huwa kati ya asilimia 10 na 20. Kwenye chombo kizito kinachokata maji polepole huwa mkubwa zaidi. Rafadha ambayo isingeteleza hata kidogo isingesukuma chochote, kwa sababu msukumo wenyewe hutokana na maji yanayotupwa nyuma. Kipenyo, hatua na mtelezo ndiyo mambo matatu yaliyowasumbua wagunduzi wa mwanzo, wengi wao wakiwa hawana hata majina ya kuyaita.

Parafujo yashuka majini

Parafujo inayohusishwa na Archimedes wa Siracusa, mwanahisabati wa karne ya 3 kabla ya Kristo, ilitumika kupandisha maji mashambani. Kuigeuza ili isukume chombo badala ya kupandisha maji kulichukua miaka karibu 2000. Mwaka 1775, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, David Bushnell alitengeneza chombo cha kuzamia kilichoitwa Turtle, kilichosukumwa na parafujo iliyozungushwa kwa mkono. Mwaka 1804 John Stevens aliendesha katika mto Hudson boti ndogo ya mvuke yenye rafadha mbili. Josef Ressel, bwana misitu wa dola ya Austria, alipata hataza ya rafadha mwaka 1827 na kuijaribu kwenye meli Civetta huko Trieste mwaka 1829. Bomba la mvuke lilipasuka katikati ya jaribio, na polisi wakakataza majaribio mengine. Rafadha haikuwa na kosa, lakini ilisimamishwa pamoja na bomba.

Mwaka 1836 watu wawili walipata hataza nchini Uingereza kwa nyakati zilizokaribiana sana: Francis Pettit Smith, mkulima wa Hendon, na John Ericsson, mhandisi kutoka Sweden. Smith aliamini kwamba parafujo ndefu ingeshika maji vizuri zaidi, kama vile parafujo ndefu inavyoshika ubao. Alitengeneza ya mti, yenye mizunguko miwili kamili, akaifunga kwenye boti ndogo ya mvuke na kuijaribu kwenye mfereji wa Paddington, London. Siku moja mwaka 1837 parafujo hiyo ilipata dharuba ndani ya maji na karibu nusu yake ikakatika. Boti haikupungua mwendo, iliongeza. Kipande kilichopotea kilikuwa kikikokota maji badala ya kuyasukuma. Smith alifuata kile alichoonyeshwa na maji, akaifupisha parafujo yake, na baadaye mwaka huohuo boti ile ikatoka mtoni hadi baharini.

Tukio hilo ndilo la kwanza linalofahamika vyema ambapo rafadha ilichaguliwa na kazi yenyewe, baada ya hoja ya mezani kushindwa. Tangu hapo mapanga mafupi na mapana yalichukua nafasi ya parafujo ndefu, na umbo la rafadha likaanza kukaribia lile linalojulikana leo.

Enzi ya majaribio

Mwaka 1839 meli Archimedes, iliyojengwa kwa ajili ya kampuni ya Smith na wenzake, ilianza safari zake na kuonyeshwa katika bandari nyingi za Uingereza. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi aliyekuwa akijenga meli kubwa ya chuma Great Britain, aliitumia kwa majaribio, kisha akabadili mpango wa meli yake na kuacha magurudumu ya makasia yaliyokuwa yamekwisha kuchorwa. Great Britain ilishushwa majini mwaka 1843 ikiwa na rafadha ya mapanga sita yenye kipenyo cha karibu mita 4.7. Umbo lake lilikuwa zuri, lakini ilikuwa dhaifu: mapanga yalivunjika baharini, na mwaka 1845 ikawekwa nyingine ya mapanga manne. Hapo wajenzi walijifunza kwamba rafadha inayosukuma vizuri na rafadha inayodumu ni mambo mawili, na fundi analazimika kuyapatanisha.

Jeshi la wanamaji la Uingereza nalo lilitaka uthibitisho. Meli yake Rattler, iliyoshushwa majini mwaka 1843, ilitumiwa kupima rafadha za aina nyingi, moja baada ya nyingine, kwa kubadili kipenyo, hatua na urefu wa mapanga. Aprili 1845 Rattler ilifungwa kamba tezi kwa tezi na Alecto, meli ya magurudumu ya makasia yenye umbo linalofanana nayo. Alecto iliachwa ianze kuvuta. Kisha Rattler ikawasha injini, ikaisimamisha, na kuikokota kinyumenyume kwa mwendo wa karibu kilomita 5 kwa saa. Mvutano huo ulisimuliwa sana, ingawa injini ya Rattler ilitoa nguvu zaidi siku ile na wakuu wa jeshi walikuwa wameshaamua kujenga meli za rafadha. Matunda makubwa ya Rattler yalitoka kwenye majaribio ya kimya yaliyotangulia: jedwali la vipimo lililoonyesha kwamba meli ileile, kwa injini ileile, huongeza au hupunguza mwendo kwa kubadilishiwa rafadha tu.

Hesabu yafuata

Mwaka 1865 William Rankine, mwalimu wa uhandisi huko Glasgow, alichapisha nadharia ya msukumo wa rafadha. William Froude, na baada yake mwanawe Robert Edmund Froude, waliiendeleza. Kiini chake kinaeleweka bila tarakimu. Msukumo uleule unaweza kupatikana kwa kutupa nyuma maji mengi polepole, au maji machache kwa kasi. Njia ya kwanza hutumia nguvu kidogo. Kwa sababu hiyo rafadha pana inayozunguka polepole hushinda rafadha ndogo inayozunguka kwa kasi, mradi chombo kiwe na nafasi ya kuibeba na injini iwe na gia ya kuizungusha. Mwaka 1872 William Froude alianza kuvuta mifano midogo ya meli kwenye bwawa maalumu la kupimia huko Torquay, na mabwawa ya namna hiyo yakaenea nchi nyingine.

Mpaka wa pili, ule wa kasi, ulimkabili Charles Parsons. Mwaka 1894 alijenga Turbinia, meli ndogo ya kujaribia injini yake mpya ya tabo la mvuke, yaani turbini. Tabo hilo lilizunguka kwa kasi ambayo rafadha haikuwahi kuzungushwa kabla, na meli ikakataa kukimbia kama ilivyotarajiwa. Panga linapokata maji kwa kasi kupita kiasi, shinikizo nyuma yake hushuka mno, maji huchemka yakiwa baridi, na mapovu ya mvuke hujaza mahali pa maji. Rafadha hubaki ikizunguka ndani ya mapovu. Mapovu hayo yakipasuka hugonga chuma na kukitoboa vijitundu kama chuma kilicholiwa na tindikali. Wahandisi waliliita jambo hilo kavitesheni. Parsons alitengeneza tangi dogo lenye dirisha ili ayaone mapovu kwa macho, kisha akaigawa kazi: badala ya rafadha moja aliweka shafti tatu, kila moja ikiwa na rafadha tatu. Mwaka 1897, kwenye gwaride la meli za kivita huko Spithead, Turbinia ilipita katikati ya safu za meli kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, basi, mipaka yote miwili ilijulikana. Rafadha ndogo mno hupoteza nguvu kwa kurusha maji machache. Rafadha inayozungushwa kwa kasi mno hujichimbia shimo la mapovu. Elimu hiyo ilikuwa ya meli kubwa. Boti ndogo iliendelea kusukumwa kwa kasia, kafi, upondo na tanga.

Injini inayobebwa mkononi

Mwaka 1881 Gustave Trouvé, fundi wa vifaa vya umeme wa Paris, aliendesha boti kwenye mto Seine kwa mota iliyofungwa juu ya usukani. Rafadha ilikaa ndani ya usukani wenyewe, hivyo kugeuza usukani kulikuwa kugeuza msukumo. Mota, rafadha na usukani vilikuwa kitu kimoja kinachoweza kung'olewa na kubebwa. Wazo lote la injini ya kupachika lilikuwa limo humo, lakini betri za wakati ule zilikuwa nzito na dhaifu, na miaka mingi ilipita kabla petroli haijalifufua.

Huko Marekani Cameron Waterman, mwanafunzi wa sheria, alijaribu injini yake ya kupachika ya petroli katika mto Detroit mwaka 1905 na kuanza kuuza muda mfupi baadaye. Aliyeifanya injini hiyo kuwa mali ya watu wa kawaida ni Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 na kulelewa Wisconsin. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto mwaka 1906 alipiga makasia kilomita kama 4 ziwani kumletea askirimu mchumba wake, Bess Cary, aliyekuwa kwenye kisiwa pamoja na rafiki zao. Askirimu ikayeyuka kabla hajafika. Mwaka 1909 Evinrude alianza kuuza injini zake mjini Milwaukee. Kila moja ilikuwa na nguvu za farasi 1.5, uzito wa kilo 28 na bei ya dola 62. Bess, ambaye sasa alikuwa mkewe, ndiye aliyesimamia ofisi na kuandika matangazo.

Injini ile ilikuwa na silinda moja iliyolala, shafti iliyosimama wima, na gia mbili za pembe chini kabisa zilizogeuza mzunguko kutoka wima kuwa mlalo. Haikuwa na gia ya kusimamisha rafadha. Injini ikiwaka, rafadha ilizunguka papo hapo, na nahodha alilazimika kuondoka kabla hajakaa sawa. Rafadha ilikuwa moja tu, ile iliyokuja ndani ya sanduku. Kuchagua hakukuwapo, kwa kuwa boti zote zilizolengwa zilifanana: mashua ndogo ya makasia yenye watu wawili au watatu.

Ulinzi wa rafadha ulitegemea pini laini ya chuma iliyopita katikati ya kitovu na shafti. Panga likigonga mwamba, pini ilikatika ili gia zisivunjike. Mvuvi alibeba pini za akiba mfukoni, akaifunga mpya akiwa ameegemea tezi huku mawimbi yakimrusha. Mpira ulio ndani ya kitovu cha rafadha za leo umechukua nafasi ya pini hiyo: rafadha ikigonga, mpira huteleza kidogo na kumeza kishindo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Evinrude alitoa injini nyepesi ya silinda mbili iliyotumia aluminiamu kwa wingi, na ndugu wa familia ya Johnson, huko Indiana, wakatoa ya kwao. Katikati ya miaka ya 1920 injini hizo zilikuwa na nguvu ya kutosha kuinua boti nyepesi ipae juu ya maji badala ya kuyapasua. Hapo ndipo rafadha moja ya sandukuni ilipoacha kutosha. Boti inayopaa inahitaji hatua ndefu, kwa sababu inakimbia. Mashua nzito inahitaji hatua fupi, kwa sababu haikimbii kamwe, hata injini iwe ileile. Waendesha boti za mashindano wakaanza kubeba rafadha kadhaa, na kuzibadili kulingana na maji na uzito wa siku ile.

Nchini Uingereza njia ilikuwa nyingine. Kampuni ya British Seagull, iliyoanza miaka ya 1930, ilitengeneza injini za mwendo wa chini zenye gia ya kupunguza mizunguko na rafadha kubwa. Jeshi la wanamaji lilinunua maelfu yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya kusukuma vyombo vizito. Farasi wachache wa Seagull walivuta majahazi madogo ambayo injini ya mbio yenye nguvu zaidi ingeyatikisa tu bila kuyasogeza. Nadharia ya Rankine ilikuwa imerudi: maji mengi, polepole.

Chuma, mapanga na moshi

Nguvu za injini za kupachika ziliongezeka upesi. Mwaka 1957 Mercury, kampuni iliyoanzishwa Wisconsin na Carl Kiekhaefer mwaka 1939, iliuza injini ya nguvu za farasi 60. Mwaka 1962 ikafikia 100. Kutoka Japani, Yamaha ilitoa injini yake ya kwanza ya kupachika mwaka 1960, na Honda na Suzuki zikafuata muongo huohuo. Injini moja sasa ilifungwa kwenye boti ya kuvuta watu juu ya maji, kwenye boti ya samaki, na kwenye boti ya abiria. Watengenezaji wakaanza kuuza kila injini pamoja na orodha ndefu ya rafadha, zilizopishana kwa inchi moja au mbili za hatua.

Chuma nacho kilibadilika. Rafadha za zamani zilikuwa za bronzi. Aluminiamu ilichukua nafasi yake kwenye injini za kupachika kwa kuwa ni nyepesi na rahisi kuimimina kwenye kalibu. Kisha kikaja chuma kisichoshika kutu, kigumu mara nyingi zaidi, kinachoruhusu panga jembamba lisilokunjika kwa nguvu ya injini. Panga jembamba hukata maji kwa urahisi na kuongeza mwendo. Ubaya wake huonekana kwenye miamba: aluminiamu ikigonga hupinda au kukatika yenyewe, lakini chuma kigumu hupeleka kishindo ndani kwa gia na shafti, ambazo bei yake ni kubwa kuliko ya rafadha yoyote.

Moshi, ambao zamani ulitokea juu ya maji, ulielekezwa kupita katikati ya kitovu na kutokea nyuma ya rafadha. Kelele ikapungua. Idadi ya mapanga pia ikawa jambo la kuchagua. Mapanga matatu yakawa ya kawaida; manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mzigo na mawimbi, hupunguza mtetemo, na hupunguza kidogo mwendo wa juu kabisa.

Pwani na maziwa ya Afrika Mashariki

Rafadha iliingia Afrika Mashariki kwanza kwa meli za mvuke. Katika Ziwa Tanganyika bado inajulikana MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kurudi kazini mwaka 1927. Injini ya kupachika ilikuja baadaye, na ikakuta vyombo ambavyo havikujengwa kwa ajili yake.

Mashua, dau na jahazi zilichongwa kwa ajili ya tanga na pepo za kaskazi na kusi. Mtumbwi na ngalawa zina ncha mbele na nyuma, hazina ubao bapa wa kuning'inizia injini. Mitumbwi ya Sese ya Ziwa Victoria, iliyoshonwa kwa mbao juu ya mkuku mrefu, nayo ilikuwa na ncha. Mafundi wakaanza kuijenga ikiwa na tezi bapa ili ipokee injini. Biashara ya sangara ilipopamba moto katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa kandokando ya ziwa, umbali wa kwenda kuvua na kukusanya samaki uliongezeka, na injini pamoja nao.

Chombo cha namna hiyo ni kirefu, kizito na chembamba. Hakipai juu ya maji kikiwa na mzigo. Injini za mapigo mawili zilizoenea pwani na maziwani, zenye nguvu za farasi 9.9, 15, 25 na 40, mara nyingi hufungwa rafadha ambayo ingefaa boti nyepesi ya matembezi. Hesabu fupi huonyesha tatizo lilipo. Injini inayozunguka mara 5000 kwa dakika, ikiwa na gia inayopunguza mizunguko kwa nusu, huizungusha rafadha mara 2500. Kwa hatua ya inchi 12, rafadha ingesonga mita 762 kwa dakika, karibu kilomita 46 kwa saa. Ukiondoa mtelezo wa asilimia 15, zinabaki kilomita 39. Mtumbwi uliojaa samaki, barafu na watu hauwezi kufika huko kwa farasi 15. Kwa hiyo injini hulemewa, mizunguko yake hubaki chini, mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye silinda, na pistoni hupata joto kuliko kiasi. Hatua ikipunguzwa hadi inchi 9 au pungufu, injini hupanda hadi mizunguko yake ya kazi, na mtumbwi huenda haraka zaidi ingawa rafadha "ndogo" ndiyo iliyofungwa.

Jambo jingine ni kwamba mzigo wa mvuvi hubadilika safari moja. Huenda mtupu, hurudi mzito. Desturi inayofaa ni kuchagua rafadha kwa safari ya kurudi, na wakati wa kwenda kupunguza mafuta ili injini isizunguke kupita kiwango chake.

Mawe na matumbawe ya pwani, mizizi ya mikoko na mchanga wa maji kupwa huifanya aluminiamu iwe chaguo la wengi. Panga lililopinda hunyooshwa kwa nyundo, lililokatika huchomelewa, lenye makovu hupigwa tupa. Baada ya tupa kupita mara kadhaa, kipenyo hupungua, na tarakimu zilizopigwa kwenye kitovu huacha kusema kweli. Fundi mwangalifu huipima upya kwa rula. Panga moja likiwa zito kuliko lingine, mtetemo huanza, nao hula beringi na sili za gia. Mshipi wa kuvulia ukijizungusha kwenye shafti kati ya rafadha na gia huzikata sili hizo kimyakimya. Maji huingia kwenye gia, na oili ikitolewa huwa nyeupe kama tui la nazi. Ndiyo maana kuvua rafadha kila baada ya muda, kusafisha shafti na kuipaka grisi ni sehemu ya kuitunza injini yenyewe.

Kanuni zilizobaki

Kutokana na historia hiyo yamebaki mambo machache ambayo mafundi huyafuata kwa mpangilio.

Kwanza ni kipenyo. Huwekewa mpaka na bamba lililo juu ya rafadha na ukubwa wa gia, kwa hiyo kwa injini moja hubadilika kidogo tu. Chombo kizito hupewa kipenyo kikubwa kadiri injini inavyoruhusu.

Pili ni hatua, na hapa ndipo uchaguzi mwingi hufanyika. Kila injini ina kiwango cha mizunguko kilichoandikwa na mtengenezaji kwa mafuta yaliyofunguliwa yote. Kwa injini nyingi za mapigo mawili za kazi ni kati ya 4500 na 5500, na kwa nyingi za mapigo manne ni kati ya 5000 na 6000. Chombo hupakiwa mzigo wake wa kawaida, hupelekwa majini, mafuta hufunguliwa yote, na mizunguko husomwa kwenye kipima mizunguko. Ikiwa chini ya kiwango, hatua hupunguzwa. Ikiwa juu, huongezwa. Inchi moja ya hatua hubadili mizunguko kwa takribani 150 hadi 200. Jaribio hilo halifanyiki boti ikiwa tupu, kwa sababu jibu lake litakuwa la safari isiyokuwapo.

Tatu ni idadi ya mapanga na chuma chake. Matatu hutosha boti nyingi; manne hufaa mzigo, abiria na mawimbi makubwa. Chuma kigumu hufaa maji marefu na safi. Aluminiamu hufaa palipo na miamba na mchanga.

Nne ni urefu wa kuning'inizia. Rafadha iliyokaa juu mno huvuta hewa kutoka usoni mwa maji, injini hupiga kelele ghafla, na boti hupoteza nguvu. Iliyokaa chini mno hukokota maji bure na hugonga mapema. Bamba lililo juu ya rafadha hulinganishwa na sehemu ya chini ya chombo.

Tano ni akiba. Rafadha ya pili, pini au nati zake na spana yake hukaa ndani ya boti daima. Ile ya pili inaweza kuwa ya hatua fupi zaidi, ili siku ya mzigo mkubwa ifanye kazi na siku ya ajali irudishe watu nyumbani.

Maendeleo ya karibuni yamethibitisha kanuni hizo. Injini ya Mercury ya nguvu za farasi 600, iliyotolewa mwaka 2021, hutumia rafadha mbili, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake, pamoja na gia ya kasi mbili, ili chombo kizito kiondoke kwa nguvu na baadaye kikimbie bila kubadili rafadha. Mota za umeme, zinazorejesha wazo la Trouvé kwa betri bora, huzunguka polepole na kwa nguvu tangu mwanzo, hivyo hufungwa rafadha pana. Katika zote mbili, uzito wa chombo na mwendo unaohitajika hupimwa kwanza, kisha hufuata kipenyo na hatua. Na kila mzigo, chombo au injini inapobadilika, jaribio la majini hurudiwa.